Tuta la Urefu wa Mtu

Adhis wa Gatwekera hakuwa mwoga. Mwanamke aliyemfukuza mwizi wa mabati kwa mwiko wa ugali, tena akiwa na mimba, huyo utamwitaje mwoga? Kwa hivyo mwaka wa tisini na nane, alipoanza kuogopa mahindi, majirani walicheka mpaka wakashika mbavu. Mahindi, jamani! Si majambazi, si mbwa wa walinzi, si askari wa kanjo. Mahindi yaliyosimama shambani kimya, hayana miguu wala meno.

Wacheke tu. Hawakuwa wameyaona.

Mahindi yenyewe yalikuwa Kawangware, kwenye mteremko chini ya steji ya 56, nyuma ya ploti ya bibi mmoja aliyeitwa Wakarima. Mbele kulikuwa na vyumba vya kupangisha, mlango kwa mlango, na nyuma kishamba kilichozungushiwa ua wa miiba, kikiteremka hadi mtoni. Adhis alikilima kwa ruhusa ya Beth, binti ya Wakarima, mwalimu wa sekondari ambaye Adhis alikuwa akimfulia nguo. Siku za kufua alitoka Gatwekera asubuhi, mtoto wake Billy mgongoni, akapita Olympic, akavuka barabara ya Ngong, na akimaliza kufua alishuka shambani na jembe.

Mwaka huo udongo ulikuwa umechoka. Mvua ya El Niño ilikuwa imepiga miezi na miezi, ikaosha kila kilicho chema, ikaacha wekundu mtupu. Mahindi yaliota vizuri, yakafika magotini, halafu yakaanza kuugua. Manjano iliingia kwenye ncha ya jani la chini, ikapita katikati ya jani, jani likakauka. Kisha ikapanda kwa jani la pili. Kufikia Juni shamba lote lilikuwa njano.

Lote, isipokuwa mahali pamoja. Katikati kulikuwa na mwinuko mdogo, tuta la zamani lililobomokabomoka, jembamba na refu. Juu ya tuta hilo mahindi yalikuwa kijani, tena kijani cha kuelekea weusi, mabua manene, marefu kumpita Adhis. Yalianzia pale tuta lilipoanzia na kuishia pale lilipoishia, hakuna cha katikati. Ukisimama juu kwenye vyumba ukatazama chini, uliona umbo moja tu, na hilo umbo kila mtu analijua. Lilikuwa kaburi.

Nyongesa, mpangaji wa chumba cha mwisho, alihamisha kamba yake ya nguo ili isielekee huko. "Mama Billy," alimwambia, "mimi si mtu wa maneno mengi. Lakini mahindi hayanawiri hivyo bila kula kitu."

Adhis alimjibu kwa kicheko, kicheko cha mdomoni tu. Kwa sababu yeye alikuwa amekwisha kulipima tuta kwa macho. Siku moja, alipoona hakuna mtu, alilala chini kando yake, kwenye mahindi ya njano, miguu yake sawa na mwisho wa tuta. Kichwa chake kilifika mahali palepale kilipokuwa kikifika kitandani kila usiku: begani kwa mumewe, Ojwang, aliyekuwa amepotea tangu mwaka uliotangulia.

Basi sasa unajua kwa nini hakucheka kwa moyo.

Ojwang wa Ugenya alikuwa mrefu kama mlingoti wa stima. Kazi yake ilikuwa vibarua: kuchimba msingi, kuchimba vyoo, kubeba mawe. Mapema mwaka wa tisini na saba alipata kazi ya kuchimba msingi wa vyumba vya Wakarima, na wakati huohuo Adhis alishika mimba ya Billy. Msingi ukaisha. Vyumba vikapanda. Lakini Ojwang aliendelea kuchelewa jioni, akirudi Gatwekera giza linaingia, udongo kwenye kucha, akijichekea peke yake.

"Umetoka wapi?" Adhis aliuliza.

"Kawangware."

"Si kazi iliisha?"

"Kazi haiishi, nyar ziwa." Huyo anamwita mke wake binti wa ziwa, halafu anaomba chakula. Ukimbana, anacheka. Ukinuna, anamrusha juu Marion, binti yao mkubwa, mpaka mtoto anapiga kelele za furaha na wewe huwezi tena kuendelea kununa.

Nabwire, jirani wa ukuta mmoja, ndiye aliyeitia chumvi. "Mwanamume anayechelewa huku anacheka? Dada, kuna mtu Kawangware." Maneno hayo yakamwingia Adhis sikioni kama mdudu. Akayabeba pamoja na mimba yake, mimba mbele, maneno ndani zaidi.

Kisha ikaja siku moja ya Julai. Mjini kulikuwa na vurugu, maduka yakafungwa mapema, watu wakarudi nyumbani wakikimbia, gesi ya polisi ikiwatoa machozi. Ojwang alikuwa ameondoka asubuhi kutafuta kazi. Hakurudi. Adhis, tumbo mbele, alizunguka vituo vya polisi, hospitali, mochari. Mochari aliinuliwa shuka moja baada ya nyingine, na hakuna uso uliokuwa wa Ojwang. Alipofika Kawangware kuuliza, alikuta Wakarima ameondoka wiki ileile, amekwenda Murang'a kumuuguza dada yake. Beth, aliyekuja kukaa ploti, hakujua lolote. "Mama akirudi utamuuliza," Beth alisema, na kwa kumwonea huruma akampa kazi ya kufua, na baadaye shamba.

Mama hakurudi. El Niño ilikata barabara na madaraja. Halafu dada yake akafa. Halafu yakawa mambo ya mazishi na mambo ya ardhi. Kila mwezi aliambiwa ni mwezi ujao.

Billy alizaliwa bila baba mlangoni. Na kila jioni Marion, ambaye sasa alikuwa na miaka mitano, aliuliza swali lilelile. "Baba atakuja lini?"

"Kesho," Adhis alimjibu. Alijibu hivyo mwaka mzima.

Sasa lazima nieleze kilichomtesa, maana hakikuwa kitu kimoja cha kutajika kirahisi. Kama Ojwang amekufa, Adhis ni mjane, atalia kilio chake, watu watamlilia. Kama Ojwang yuko hai na mwanamke mwingine, basi Adhis ni mke aliyetupwa, na kila chozi alilomwaga ni ujinga. Hakujua yeye ni nani kati ya hao wawili. Na siku alipolala kando ya tuta na kichwa kikafika begani, kabla ya hofu kumshika, kitu cha kwanza alichosikia moyoni kilikuwa nafuu. Alifurahi, Mungu amsamehe. Kama yuko hapa, basi hakunitoroka. Ndipo akajiogopa mwenyewe kuliko alivyoyaogopa mahindi.

Mwezi wa Julai ulipoingia na ile baridi yake, Oketch alikuja kutoka Ugenya. Huyu alikuwa mdogo wake Ojwang, mtu mpole, mwenye kofia anayoizungusha mikononi akitaka kusema jambo zito. Aliizungusha sana siku hiyo.

"Shemeji, mwaka umepita. Wazee wameamua. Tutazika yago."

Mwenye asili ya huko hahitaji kuelezwa. Yago ni lile tunda refu, zito, linaloning'inia kwenye mti wake kama mguu wa mtu. Mtu akipotea, maiti isionekane, tunda hilo huvikwa shuka, hulaliwa matanga, huteremshwa kaburini mahali pake, na watu hulia kilio cha kweli. Baada ya hapo amekufa. Hata akitokea barabarani kesho akiwa mzima, nyumba hiyo si yake tena, hawezi kuingia.

"Na kama yuko hai?" Adhis aliuliza.

Oketch alitazama kofia yake. "Wewe ndiye mkewe. Hatuziki bila wewe kukubali."

"Nikikubali na yeye yuko mahali anakula ugali, nimemuua kwa mikono yangu. Ngoja nivune, shemeji. Nikivuna nitakupa jibu."

Kuvuna gani? Mahindi ya njano hayakuwa na chochote cha kuvunwa. Na yale ya tuta alikuwa ameacha hata kuyapalilia tangu Mei. Kulikuwa na gugu humo, gugu lenye majani matatu matatu na maua ya zambarau, ambalo halikuota popote pengine shambani. Alilikata Februari akisafisha shamba, likarudi. Akalikata Aprili likarudi nene zaidi, likaanza kukwea mabua. Alipoliacha lilijizungusha kwenye mahindi yote na kuyafunga pamoja. Asubuhi za ukungu, bila upepo hata kidogo, mahali hapo palikuwa pakichakarisha majani, chakacha, chakacha, kama mtu anayejigeuza kitandani. Huenda ni panya. Adhis alijiambia ni panya. Mbona panya hawakuhangaika na sehemu nyingine?

Siku moja, kwa kuwa Oketch alikuwa ametoka kutafuta jamaa zake na hakukuwa na wa kumwachia, Adhis alikuja Kawangware na Marion pia. Alipomaliza kuanika nguo akamkosa. Akaita. Akateremka. Akamkuta mtoto ameketi katikati ya tuta, mgongo kwenye bua, anatafuna hindi bichi, maziwa ya hindi yakimtiririka kidevuni.

"Mama, ni tamu," Marion alisema.

Adhis hakumbuki alivyofika. Alimnyakua mkono, akamtia vidole kooni, akamtapisha palepale kwenye mahindi ya njano, akimpiga mgongoni na kulia. "Tema! Tema yote! Unajua umekula nini? Unajua umemla nani?"

Mtoto alitapika mpaka hakukuwa na kitu. Halafu akamtazama mama yake, macho makavu, mikono ameificha nyuma. Jioni ile, kwa mara ya kwanza, hakuuliza baba atakuja lini.

Hapo Adhis alikata shauri. Liwalo na liwe.

Alfajiri iliyofuata alimwachia Nabwire watoto, akavaa koti la Ojwang, lile kubwa la kazini lililomfika magotini, akaenda Kawangware. Ukungu wa Julai ulikuwa umelala chini hata hukuona nyumba ya mbele yako. Vyumba vya ploti vilikuwa vimefungwa bado. Akashuka shambani kwa kupapasa, akalijua tuta kwa weusi wake ndani ya weupe, akaanza upande wa kichwa.

Aling'oa mabua matatu. Akapiga jembe. Udongo wa pale haukuwa kama wa kwingine. Ulikuwa mwororo, mweusi, na alipougusa kwa kiganja ulikuwa na uvuguvugu, au baridi ya hewa ilimdanganya. Akapiga tena. Jembe likanasa. Aliinama, akavuta, akatoa mzizi mnene wa lile gugu, na mzizi huo ulikuwa umejaa vinundu, duara duara, vimeshikamana kama shanga. Akakishika kimoja kati ya kucha mbili, akakiminya.

Kikatoka damu.

Aliminya kingine. Damu. Kingine. Damu tena, nyekundu ya kuchuja, ikamwingia kwenye mistari ya vidole. Akaendelea kuchimba hivyohivyo, kwa jembe, kwa mikono, akisema kwa sauti ndogo, "Ojwang, ni mimi. Ni mimi tu. Usiniogope."

"Mama Billy?"

Alikuwa Beth, amesimama na khanga begani, viatu vya plastiki miguuni. Alikuwa amesikia jembe. Alitazama shimo, akatazama koti, akatazama vidole vyekundu. Mtu mwingine angepiga mayowe kuamsha ploti nzima. Beth aliteremka akachuchumaa kando yake.

"Unamtafuta yeye?"

Adhis aliitikia kwa kichwa. Akamnyoshea ule mzizi. "Inatoka damu, Mwalimu."

Beth aliupokea, akakipasua kinundu kwa ukucha wake mwenyewe, akakitazama. "Hii si ya mtu," alisema taratibu. "Hii ni ya mmea. Hili si gugu, Mama Billy. Hizi ni njahi."

Njahi Adhis alizijua sokoni tu, yale maharagwe meusi yenye mstari mweupe ndani ya gunia. Mmea wake hakuwahi kuuona. Kwao ziwani wanalima kunde na karanga.

"Hata karanga zenu zinavyo hivi vinundu," Beth alisema. "Hukuviona?"

Adhis alikumbuka. Vijishanga kwenye mizizi, walivyokuwa wakivipangusa utotoni wakivuna. Hakuna aliyewahi kuvipasua. "Sasa mbona damu?"

"Sikia. Hii hewa, huu ukungu tunaovuta, ukijaza debe tano, karibu debe nne ni kitu kimoja kinaitwa naitrojeni. Kinaingia puani, kinatoka. Hakitusaidii. Mimea nayo imezama ndani yake na inakufa kwa kukikosa, kwa sababu chembe zake zimeshikana mbili mbili, zimekumbatiana, hakuna jani linaloweza kuziachanisha. Hayo mahindi yako ya njano yana njaa ya hicho kitu, na kimeyazunguka kila upande."

"Na haya meusi?"

"Humu ndani ya kinundu kuna bakteria. Wadogo, hata ukiwa na macho ya mwewe huwaoni. Wanakaa udongoni, mzizi wa njahi unawaita, unawafungulia, unawajengea hii nyumba. Unawapa sukari. Wao wanaikamata ile naitrojeni ya hewa, wanaiachanisha, wanaigeuza chakula ambacho mmea unaweza kula. Hiyo nyekundu ni ndugu wa damu yetu kabisa. Inashika oksijeni, isiwajie nyingi, maana ikiwazidi kazi yao inaharibika. Ukiona nyekundu, ujue wako hai, wako kazini."

"Chini huku? Gizani?"

"Chini huku gizani. Viwanda vya mbolea vinafanya kazi hiyohiyo kwa moto wa kutisha, na radi inafanya kidogo ikipiga. Lakini tangu dunia iwe dunia, kazi ni ya hawa. Bila wao hakuna nyama, hakuna maziwa yako ya kumnyonyesha Billy, hakuna Billy. Hizi njahi ulizikata Februari, si ndiyo? Ukadhani ni pori. Mizizi mingi ikaoza, mingine ikachipua, kile chakula chote kikabaki humuhumu. Kwingine mvua ilishaosha. Mahindi yaliyopandwa hapa yalikuta meza imeandaliwa."

Adhis alijifuta vidole kwenye koti. "Na mtu akizikwa? Mahindi hayawezi kuwa hivi?"

Beth angeweza kudanganya, na wengi wangedanganya. "Yanaweza," alisema. "Mtu naye amejaa kitu hichohicho. Siwezi kukwambia uongo. Chimba mpaka uridhike. Nitakusaidia."

Wakachimba wawili, kutoka kichwani hadi miguuni mwa lile tuta. Waliufikia udongo mgumu mwekundu ambao haujawahi kuguswa na jembe tangu Mungu auweke, na jembe likaruka. Hakukuwa na mfupa. Hakukuwa na kitambaa. Mizizi tu, na shanga zake zenye damu.

Adhis aliketi shimoni. Angetakiwa kushukuru, sivyo? Badala yake kitu kilimvunjika ndani. "Basi hayuko," alisema. "Basi Nabwire alisema kweli. Alikuwa akija huku kwa mwanamke." Akalia kwa uchungu na kwa aibu, aibu ya mwaka mzima, amejifunika uso na mikono ya lile koti.

"Sijui nani alizipanda hapa," Beth alisema. "Mama njahi zake hupanda kandokando ya ua. Lakini utamuuliza mwenyewe, ndilo nilitaka kukwambia leo. Amefika jana jio—"

"Wee Mrefu!"

Sauti ilitoka ndani ya ukungu, juu yao. Sauti ya kizee, yenye hasira na furaha pamoja.

"Wee Mrefu! Ndio umerudi kuvuna sasa? Umechelewa mwaka mzima!"

Nywele zilimsimama Adhis. Aligeuka akidhani Ojwang yuko nyuma yake. Aligeuka kweli, na jina lake likiwa mdomoni. Nyuma kulikuwa na ukungu na mahindi.

Bibi mfupi aliyejifunga blanketi alitokea akijikongoja na fimbo, macho yameingia utando. Alikuja mpaka ukingoni, akainama karibu kabisa na lile koti, akaligusa. "Si yeye," alisema. "Koti ni lake. Wewe ni nani?"

"Ni mke wake, Shosho," Adhis alisema.

Wakarima alimtazama, na uso wake mkali ukalegea. Akatafuta mahali pa kuketi, akaketi juu ya udongo uliofukuliwa.

"Basi ni wewe," alisema. "Alikula njahi kwangu siku moja, mchana. Akaniuliza, Shosho, hizi ni za nini hasa? Nikamwambia, kwetu mwanamke akizaa anapikiwa njahi. Anapata maziwa, anapata nguvu, anasimama. Akanyamaza. Kesho yake akaniomba kipande cha shamba apande zake. Ardhi! Mimi niombwe ardhi na kibarua! Nikamtania. Nikamwambia, wewe mrefu hivi, lala chini. Urefu wako ndio utakuwa shamba lako." Aliguna, karibu kicheko. "Akalala! Na nguo zake, kwenye matope, wafanyakazi wote wanatazama. Akachora alama kichwani, akachora alama miguuni, akaamka, akaanza kulima."

Adhis aligusa udongo wa upande wa kichwa.

"Alikuja kila jioni. Anapalilia, anaziongelesha. Nikamwambia mlete mke aone. Akakataa kabisa. Akasema, Shosho, kwetu hatuandai kitu cha mtoto kabla hajazaliwa, na sisi tulishapoteza mmoja. Mke wangu akijua ataogopa, hatalala. Nitampelekea akishazaa, nimwambie nimezitoa sokoni."

Walikuwa wamepoteza mmoja, kati ya Marion na Billy. Adhis hakuwa amemwambia mtu Nairobi nzima, na kumbe Ojwang alikuwa amemwambia bibi huyu mwenye utando machoni.

"Jioni ya mwisho zilikuwa na maua. Akasema, kesho nitaleta fito nizisimamishie. Hakuja. Nikakasirika sana. Nikasema, hawa watu, unampa kitu anakiacha. Mimi nikaenda zangu Murang'a na hasira yangu."

Ukungu ulikuwa umeanza kuinuka. Mahali fulani juu, Nyongesa alifungua mlango, akawasha redio. Adhis alikuwa bado shimoni, ndani ya kipimo cha mumewe, na jambo likamjia polepole, likamkalia kifuani. Zile jioni za kuchelewa. Udongo kwenye kucha. Kile kicheko. Mtu aliyejilaza matopeni ili mkewe apate maziwa, mtu aliyeahidi fito kesho, huyo hatoroki. Huyo, kama angekuwa na miguu ya kutembelea, angekuja. Angetambaa.

Kwa hivyo hakuwa na miguu tena. Popote alipokuwa, alikuwa amekufa tangu siku ileile.

"Woi, Ojwang," Adhis alisema. Kisha akalia kilio cha mjane, kile cha sauti, mikono kichwani, mpaka wapangaji wote wakatoka milangoni. Wakarima alimshika bega, hakumnyamazisha.

Alirudi Gatwekera mchana na mahindi kwenye kikapu, na mfuko mdogo wa njahi za mbegu alizopewa. Alichemsha mahindi kwenye sufuria kubwa. Oketch alikuwa ameketi mlangoni na kofia yake. Aliona macho ya shemeji yake, akaacha kuizungusha.

Adhis alitoa hindi moja, akalipoza, akampa Marion. Mtoto alificha mikono nyuma.

Basi Adhis aliliuma yeye kwanza. Alitafuna, akameza. Lilikuwa tamu, kama Marion alivyosema.

"Kula, mama," alimwambia. "Nilikosea kukupiga. Baba yako ndiye alilima hapo. Alitulimia sisi."

Marion alitoa mkono mmoja, halafu wa pili. Akala mstari wa kwanza, akala wa pili. Kisha, mdomo umejaa, akauliza kama alivyokuwa akiuliza zamani.

"Baba atakuja lini?"

Oketch aliinua macho.

"Haji tena, nyathina, mwanangu," Adhis alisema. "Maliza hindi lako. Tunaenda nyumbani Ugenya na baba mdogo, kumzika."